Bia ya Dirishani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa fundi wa vioo, na laiti angekubali kuwa fundi wa vioo tu, tungeishi naye kwa raha. Mkono alikuwa nao, hilo simnyimi. Alikuwa anaweka rula juu ya kioo, anapitisha kalamu ya almasi mara moja, anagonga kidogo kwa kidole, na kioo kinaachana pande mbili kama biskuti. Lakini kuitwa fundi aliona ni kutukanwa. Alijiita Mhandisi. Jina hilo alijibandika mwenyewe, akaliandika kwa rangi ya bluu kwenye mlango wa karakana yake, na sisi wengine tukalidaka tukawa tunamwita hivyo kwa kumcheka. Yeye hakujua kwamba tunamcheka. Watu wa aina yake huwa hawajui.

Kazi aliianza akiwa na miaka ishirini, kwa kufagia vipande vya vioo kwenye karakana ya mzee mmoja mpole, mwenye vidole vilivyojaa makovu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Vioo. Mzee ndiye aliyemfundisha kila kitu: kupima fremu mara mbili kabla ya kukata mara moja, kusukuma puti, ule udongo laini wa kushikiza kioo kwenye fremu, kwa kidole gumba, kubeba kioo kikubwa kikiwa wima na si kimelala. Alikaa pale miaka kumi na saba. Siku alipoondoka kwenda kufungua karakana yake mtaa wa pili, hakusema ahsante. Alisema, "Yule mzee anakata kioo kama anakata mkate," na neno hilo akawa anamwambia kila mteja aliyekanyaga kizingiti chake, hata aliyekuja kuuliza njia.

Nyumbani nako hakutuacha. Alibomoa ukuta wa sebule unaotazama machweo, akaweka kioo kutoka kiunoni hadi darini. Pazia akalipiga marufuku. "Pazia ni la watu wenye mambo ya kuficha," alisema. Basi jua likawa linaingia saa nane mchana na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Makochi yaliyokuwa mekundu yakawa na rangi ya ulimi wa mgonjwa. Picha ya harusi yao ukutani ilipauka upande mmoja: suti ya bwana harusi ilibaki nyeusi tii, bibi harusi akabaki nyusi na viatu. Dada yangu aliiteremsha, akaipeleka chumbani. Mhandisi alipoulizwa alisema karatasi ilikuwa mbovu.

Dada yangu alikuwa mtoa dawa kwenye duka la dawa, miaka kumi na minane kaunta ile ile. Ana sauti ya watu wa kazi hiyo: moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula. Hapandishi, hateremshi. Ukimkatiza anangoja umalize, kisha anarudia pale pale alipoachia. Nadhani ndiyo maana aliweza kuishi na yule mtu.

Sasa bia. Miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia, Mhandisi alikwenda kuweka madirisha kwenye nyumba ya daktari wa meno mstaafu ambaye alikuwa anapika bia yake mwenyewe stoo. Siku ya kumaliza kazi, daktari alimkaribisha bia ya kutoka nje, ya chupa ya kijani, aliyoinunua dukani. Chupa hiyo ilikuwa imekaa chini ya taa za duka sijui miezi mingapi, na ilikuwa na harufu fulani kali. Mhandisi aliinusa, akaamua papo hapo kwamba hiyo ndiyo harufu ya bia ya watu wanaojua mambo. Tangu siku hiyo, bia isiyonuka hivyo aliiona ya washamba. Daktari wa watu, kwa wema wake, akampa na kijitabu cha kujifunzia kupika.

Kijitabu kilikuwa na kurasa sitini. Alisoma habari za kimea na namna ya kukichemsha. Alisoma habari za hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu wake. Alisoma habari za hamira na za sukari. Alipofika kwenye sura ya chupa, akakifunga. "Habari za kioo," alisema, "mimi nifundishwe na nani?"

Basi kila Jumamosi ya pili dada yangu akawa anafukuzwa jikoni kwake. Nitasema ukweli: Mhandisi alikuwa msafi. Alisugua sufuria mpaka ukaona pua yako, akachemsha mrija, akapangusa meza kwa maji ya moto, asiruhusu hata nzi apite. Aliipoza ile supu ya kimea, akaimimina kwenye ndoo kubwa yenye mfuniko, akatia hamira, akaiacha wiki mbili kwenye kona ya giza nyuma ya mlango. Siku ya kuijaza kwenye chupa alitia kijiko kidogo cha sukari kila chupa ili ipate gesi, akabana vizibo kwa mashine ya mkono. Mpaka hapo bia ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa sababu mpaka hapo alifuata kitabu.

Lakini chupa zake zilikuwa nyeupe, zile za soda, zinazoonyesha hadi uchafu wa moyo. Za kahawia alizidharau kupita kiasi. "Hizo ni chupa za dawa ya kikohozi," alisema. "Mtu akificha kitu ndani ya chupa, ujue kitu chenyewe hakitazamiki." Akatengeneza rafu ya kioo mbele ya lile dirisha lake la sebuleni, akazipanga humo safu tatu, zikiwa zimeachana kidogo ili jua lipite katikati. Saa kumi alasiri zilikuwa zinawaka kama asali. Hapo ndipo alipotuita. Alituweka tusimame sebuleni, mikono nyuma, kama watoto wa shule waliopelekwa makumbusho.

"Tazameni rangi hiyo," anasema. "Rangi hiyo mtaipata wapi?"

Dada yangu alimwambia mara ya kwanza kabisa, nikiwepo. Alikuwa amesoma kile kijitabu chote, maana alipofukuzwa jikoni alikosa pa kukaa akakaa nacho barazani.

"Baba watoto," alisema, "hizo chupa zitoe juani. Kuna kitu kwenye yale maua ya uchungu, mwanga ukikipiga kinavunjika, kinatoa harufu mbaya. Ndiyo maana bia inawekwa kwenye chupa ya kahawia. Hata dawa zetu nyingi ni hivyo hivyo."

"Mama watoto," Mhandisi akajibu bila kugeuka, "wewe hesabu vidonge. Habari za kioo niachie mimi."

"Si kioo. Ni mwanga."

"Mwanga unapita kwenye nini? Si kwenye kioo? Basi."

 Sikio la kufa halisikii dawa, hata mwenye dawa akilala nalo kitanda kimoja.

Na sisi je, tulioinywa? Hapa ndipo aibu yangu inapoanza, na sitaki kuiruka. Bia ya Mhandisi ilikuwa inanuka kicheche. Sisemi kwa kutia chumvi. Kicheche yule yule, mnyama mdogo wa mistari anayejihami kwa uvundo. Ukifungua kizibo, harufu inakutangulia puani kabla povu halijapanda. Kinyozi wa jirani alikuwa anaziba pumzi, anameza, kisha anapiga ulimi: "Aisee Mhandisi, hii si mchezo!" Dereva wa lori wa nyumba ya pili alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa habari nzito. "Hii," anasema, "hii hata viwandani hawaiwezi." Na mimi, fundi cherehani, mtu mzima mwenye watoto, nilikuwa nasema, "Shemeji, safari hii umejipita mwenyewe." Miaka sita tulimvika kilemba cha ukoka, kila wiki ya pili, kwa sababu ilikuwa ya bure na kwa sababu ukimkosoa anakununia mwezi mzima. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu alisifiwa akalitia jua.

Mwaka jana Mzee wa Vioo alitangaza kustaafu. Karakana anamwachia binti yake, ambaye kazi anaijua kuliko wengi. Mafundi wote waliopita mikononi mwake wakapanga kumuaga Jumamosi mchana, pale pale uani kwake. Kila mmoja achangie kitu: huyu viti, yule muziki, mwingine nyama ya kuchoma. Mhandisi aliposikia alinyanyua kidevu.

"Vinywaji niachieni mimi," alisema. "Mzee anywe kitu cha mwanafunzi wake, ajue alimlea nani."

Mtu uliyemtukana miaka kumi na mitatu leo unataka akupigie makofi! Lakini ndivyo alivyo. Kichwani mwake alikuwa keshaliona tukio lote: Mzee anaonja, anatoa machozi, anamshika bega mbele ya watu, anasema kumbe wewe ndiye bora kati ya wote.

Alipika nyingi kuliko siku zote. Chupa nyeupe zilitosha arobaini na nane tu, na kwenye ndoo bado kukawa na bia. Ikabidi dada anipigie simu, nikapeleka chupa tupu za kahawia zilizokuwa nyuma ya mlango wangu. Zilikuwa kumi na moja. Mhandisi alizitazama kama mtu anayetazama viatu vya mgeni juu ya zulia lake. Alizijaza kwa sababu hakutaka kumwaga, akazibana vizibo, kisha akamwambia dada, "Ziweke chini ya sinki huko. Zisiniharibie mandhari. Hizo ni za mashemeji."

Shemeji mwenyewe nimesimama hapo hapo, nimeshika kreti.

Nyeupe arobaini na nane zikapanda dirishani, zikaota jua la wiki tatu. Siku ya sherehe akazipakia nyuma ya pikapu bila turubai, ili njia nzima ione, akazungusha kupitia barabara kubwa ambayo si njia ya kwenda. Tulipofika saa sita, kulikuwa na kivuli kizuri upande wa ukuta, na Binti wa Mzee akamwonyesha meza hapo. Akakataa. Akaivuta meza mpaka katikati ya uwanja, juani, akazipanga chupa kwa umbo la piramidi, akarudi nyuma hatua tatu akajisifu kwa macho. Zikakaa hivyo mpaka saa tisa. Alizipoza kwenye mapipa ya barafu dakika za mwisho tu, na hata mapipa hayo aliyaacha wazi.

Kisha akatoa hotuba. Mwenye sherehe alikuwa amesema maneno kama ishirini: ameshukuru, amechoka, mlango uko wazi. Mhandisi alisema kwa dakika ishirini. Alisema habari za ufundi kuwa tofauti na uhandisi. Alisema kuna watu wanakata kioo na kuna watu wanakielewa. Mafundi walikuwa wanatazama nyama ikipoa. Mwisho akafungua chupa kwa mkono wake, akamimina kwenye bilauri safi, akampelekea Mzee wa Vioo kwa mikono miwili.

Mzee aliinua bilauri. Ikafika karibu na mdomo ikasimama. Akainusa. Akaishusha, akamtazama Mhandisi usoni kwa huruma kabisa, kama anavyomtazama mtu aliyejikata kidole.

"Kijana wangu," alisema, na kijana mwenyewe ana miaka hamsini na mvi, "hii imeharibika. Inanuka kicheche."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa akisema siku zote: fremu hii imepinda, ondoa puti anza upya. Lakini mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, na kicheko kikashika kama moto wa nyasi kavu. Watu wakafungua chupa ili nao wanuse, wakawa wanarudisha vichwa nyuma, wanapeana, wanaziba pua. Na wa kwanza kupaza sauti alikuwa nani? Kinyozi! "Hata mimi nilikuwa nataka kusema siku nyingi," anasema, "nikaona labda pua yangu ina mafua." Miaka sita ana mafua, mnafiki mkubwa yule. Dereva wa lori akageuka akawa anakagua ukuta.

Mhandisi alisimama katikati ya uwanja, chupa mkononi. Akanitafuta kwa macho.

"Shemeji," alisema, "wewe unaijua bia yangu. Waambie."

Nilitazama viatu vyangu. Nikasema, "Leo... leo labda imetoka tofauti kidogo."

Kama kuna mtu aliyestahili kutemewa mate siku ile, alikuwa mimi.

Alirudi nyumbani kwa miguu, pikapu akaiacha. Siku nne hakusema na mtu. Siku ya tano alianza kutafuta mchawi. Kwanza maji: bomba la mtaa lina kutu. Kisha sabuni: dada yangu amebadilisha sabuni bila kumwambia. Kisha akasema mafundi wa Mzee wamefungua vizibo wakatia kitu, wanamwonea kijicho. Dada alimwacha azunguke mtaa mzima wa visingizio mpaka akachoka mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kula chakula cha mchana kwao. Mhandisi alikuwa kwenye kochi lake lililopauka, ndevu hazijanyolewa, mgongo ameupa dirisha. Dada aliinama chini ya sinki, akatoa chupa moja ya kahawia yenye vumbi, akaifungua, akanimiminia bilauri. Nikaziba pumzi kwa mazoea, nikameza. Kisha nikapumua. Nikanywa tena, taratibu. Ilikuwa na harufu ya mkate uliotoka kwenye oveni na uchungu mwembamba kama wa ganda la chungwa. Sijapata kunywa bia nzuri kuliko ile, na nimekunywa nyingi.

"Umenunua wapi?" Mhandisi akauliza kutoka kwenye kochi. Aliona uso wangu.

"Chini ya sinki," dada akajibu.

"Nimeuliza umenunua wapi."

"Na mimi nimekujibu. Ni zile kumi na moja. Ndoo ile ile, siku ile ile, umezibana mwenyewe."

Akasema haiwezekani. Akasema kuna mtu amebadilisha. Dada hakubishana. Alichukua ile bia iliyobaki kwenye chupa akaigawa kwenye bilauri mbili sawasawa, mbele ya macho yake. Moja akaifungia kabatini. Nyingine akaiweka juu ya rafu ya kioo, dirishani, jua likiwa limepamba moto. Kisha akatoa pasi, akapiga pasi makoti yake mawili meupe ya kazini, kola, mikono, mifuko, akayatundika. Nusu saa hivi. Mhandisi alitazama yote hayo akijifanya anasoma gazeti.

"Haya, funga macho," dada akamwambia.

"Mimi si mtoto."

"Funga macho, baba watoto. Nami nimefunga mdomo miaka sita."

Akafunga. Dada akamsogezea bilauri ya kwanza puani. Mhandisi akavuta pumzi, na uso wake, namna gani nieleze, ukafunguka. Mabega yakapanda. Alirudi kuwa yule yule wa piramidi.

"Hii ndiyo yangu," alisema. "Hii ndiyo bia yangu! Hii naijua hata ndotoni."

Akafumbua macho. Ilikuwa ile ya dirishani.

Dada akampa na ya kabatini. Akainusa. Akainusa tena. Akaonja, akaiweka juu ya meza polepole mno, kama anaweka kioo kwenye fremu.  Nilingoja nione raha, maana siku hiyo nilikuwa nimeingoja kwa miaka. Raha haikuja. Mtu aliyekuwa amekaa pale alikuwa mzee ghafla, na alikuwa ananusa bilauri moja, kisha nyingine, kisha ya kwanza tena, kama anatafuta mahali alipopotea njia.

"Kwa hiyo yangu ni ipi?" aliuliza mwishowe.

"Zote ni zako," dada akamjibu. "Hiyo moja umeiua mwenyewe."

Kama mlitegemea kwamba tangu hapo alipata akili, hamumjui. Mwezi haukupita nikamsikia kwa kinyozi akihubiri. "Kuna mionzi," anasema, na kinyozi, asiye na haya, anaitikia ndiyo ndiyo huku akimpaka povu. "Mionzi hii nimeifanyia uchunguzi nyumbani kwangu. Nimegundua kioo cheupe hakiizuii." Amegundua! Jina la dada yangu halikutajwa, wala kijitabu, wala pasi. Na kwa vile kahawia alikuwa ameitukana hadharani mara nyingi mno, ikawa hawezi kuirudia. Akanunua chupa za kijani. "Nyeupe ni ya wasiojua, kahawia ni ya wagonjwa," akatangaza, "kijani ndiyo ya waungwana." Dada alimwambia kwamba ya kijani inachelewesha tu, haizuii kitu cha maana. Akasema kuchelewesha kunatosha. Akazipanga dirishani.

Nilicheka sana jioni ile nyumbani kwa dada, mumewe akiwa kazini. Nilimwigiza, kidevu juu, mikono nyuma. Dada alikuwa anachambua maharage. Hakucheka.

"Na wewe," alisema, "miaka yote sita ulikuwa unakunywa nini?"

"Si ile ile."

"Ulikuwa unaiona inanuka?"

"Aa, dada, nani asingeiona?"

"Mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa namheshimu. Ni shemeji yangu."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka pembeni. "Ulikuwa unamdharau," alisema, kwa sauti ile ile ya moja asubuhi moja jioni. "Angekuwa mtu machoni pako ungemwambia. Mzee wa Vioo ndiye aliyemheshimu. Mimi nilimwambia akanikatalia, lakini nilimwambia. Ninyi wengine mlikuwa mnakaa humu sebuleni kwangu, mnakunywa, mnamtazama mume wangu kama nyani wa sarakasi."

Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Chupa za kijani zilikuwa na wiki tatu dirishani. Mhandisi alinifungulia moja, akasimama kungoja sifa zake kama kawaida. Niliinusa. Haikuwa mbaya kama zile nyeupe. Lakini kicheche alikuwepo, kwa mbali, kama aliyepita uani jana.

"Shemeji," nilisema, "hii nayo inanuka."

 Alichukua bilauri mkononi mwangu, akafungua mlango, na akanionyesha barabara kwa kidole. Nilitoka. Kwa miezi miwili akawa akiniona upande huu wa njia anavuka ng'ambo. Suruali zake mbili zilizokuwa kwangu kwa kupunguzwa alituma watu wazifuate, nusu zimeshonwa, nusu zina pini. Kwa kinyozi akasema mimi ni mtu wa uzi na sindano, bia nitaijulia wapi.

Juzi Ijumaa dada alipita dukani kwangu akitoka kazini. Aliweka juu ya meza ya cherehani kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Umepewa," alisema.

"Na nani?"

"Hakusema niseme."

Nilifungua gazeti. Ilikuwa chupa ya kahawia. Nikatoa kizibo, hakikulia hata kidogo. Nikanusa: safi kabisa, mkate mtupu. Nikaonja. Ilikuwa imelala kama maji ya mtungi, haina gesi hata ya dawa.

Zamani ningeandika: shemeji, umejipita mwenyewe. Nilichukua simu nikamwandikia, "Harufu nzuri sana. Ladha nzuri. Lakini haina gesi kabisa."

Dada alisimama akisubiri, mkoba begani. Simu ikakaa kimya mpaka nikamaliza kushona mfuko mzima wa shati. Kisha ikalia.

"Sukari nilisahau," aliandika.

Nilimpa dada asome. Alisoma, akasoma tena, akaniomba bilauri, akajimiminia ile bia iliyolala, akavuta kigoda, akakaa.